Somo la 7: Mavuno ya Miaka Mingi

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mhubiri 8:11, Walawi 17:11, Wagalatia 6:7–9, 2 Nyakati 16:7–13, 2 Wafalme 20:1–7, 2 Samweli 12:13, 14, Yohana 9:1–3.

Fungu la kukariri: 1 Wakorintho 6:19, 20. Kila mwanafunzi alisome katika Biblia yake na kulikariri kabla ya Sabato ijayo.

Fikiria mama mmoja wa Chapwa, mshiriki mwaminifu, anayeuza chakula kando ya barabara kuu iendayo Mbeya. Miaka kumi na mmoja iliyopita aliambiwa ana sukari. Alipewa vidonge na kuelezwa kuhusu chakula. Kwa kuwa hakusikia maumivu yoyote, alimeza vidonge alipojisikia vibaya na kuviacha alipojisikia nafuu. Mwaka huu msumari wa ndala ulimchoma unyayo. Hakuusikia. Ndugu zake walipoona damu sakafuni, kidonda kilikuwa na siku tatu. Hospitalini aliambiwa kwamba macho nayo yameguswa, na figo zimeanza kuchoka. Akauliza, “Haya yote yamenipata mwezi huu mmoja?”

Habari zikafika darasani, na maelezo yakawa matatu. Mmoja alisema ni uchawi, kwa maana ugonjwa wa kawaida haushambulii jicho, figo na mguu kwa pamoja. Wa pili alisema ni dhambi iliyofichwa. Wa tatu alisema ni dawa za hospitali, hasa sindano ya insulini, kwa kuwa jirani yake alianzishiwa insulini na baada ya miezi michache akakatwa mguu.

Madarasa mengi yana mama wa namna hii, na maelezo hayo matatu husikika kila mahali. Lililo hatarini si hoja tu, bali mguu wa pili wa mama huyo, na macho ya wale wanaomsikiliza. Juma hili linachunguza chanzo halisi cha madhara ya muda mrefu ya kisukari, na jinsi Neno la Mungu linavyomfundisha mwamini kuyatazama.

JUMAPILI
Hukumu Isiyokuja Upesi

Soma Mhubiri 8:11. Kwa nini kuchelewa kwa matokeo humfanya mtu aendelee na njia yake?

Mhubiri anazungumzia uovu, lakini kanuni aliyoiona inagusa mambo mengi. Tokeo linalochelewa humdanganya mwanadamu. Anayeshika kaa la moto huliachia papo hapo. Bali sukari iliyopanda inaweza kukaa mwilini miaka bila kuuma, na moyo ukajiambia kwamba hakuna neno.

Kisukari kina aina mbili kuu. Katika aina ya kwanza, ambayo mara nyingi huanza utotoni au ujanani, kongosho huacha kutengeneza insulini, na mgonjwa hawezi kuishi bila sindano. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi, insulini ipo lakini mwili hauitikii vema, na baadaye kongosho nalo huchoka. Aina hii huingia kimyakimya. Uchunguzi mkubwa uliofanyika Uingereza kuanzia mwaka 1977 uliandikisha watu 5,102 waliokuwa ndiyo kwanza wamegunduliwa kuwa na aina ya pili. Karibu nusu yao walikutwa tayari na dalili za madhara katika macho, mishipa ya fahamu, figo au moyo. Mavuno yalikuwa yameanza kabla mkulima hajajua kwamba amepanda.

Tanzania imelishuhudia jambo hili likikua. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha matokeo ya uchunguzi katika vijiji sita. Katika kila watu 100, hakuonekana hata mmoja kamili mwenye kisukari. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa watu wazima wenye umri wa miaka 25 hadi 64 uliona takriban 9 katika kila 100. Maisha yamebadilika. Mahali pa jembe na mguu pamechukuliwa na bodaboda, na mahali pa maji na uji pamechukuliwa na soda na chipsi.

Kwa hiyo swali la mama wa Chapwa lina jibu. Hayakumpata mwezi huu. Mwezi huu yamejitokeza tu.

Ni mambo gani mengine katika maisha ya kiroho ambayo hayaumi leo, lakini yanaharibu polepole?

JUMATATU
Uhai Uko Katika Damu

Soma Walawi 17:11 na Zaburi 139:14. Mungu aliuunganishaje uhai wa mwili na damu?

Hakuna kiungo kinachoishi bila kupitiwa na damu. Hapo ndipo lilipo jibu kwa wale wanaoshangaa ugonjwa mmoja kugusa jicho, figo na mguu. Kisukari hakirukiruki kutoka kiungo hiki hadi kile. Kinaharibu mishipa ya damu, na mishipa hiyo iko kila mahali.

Sukari ni chakula cha seli, na seli za misuli na za mafuta zina lango linalofunguliwa na insulini. Insulini ikikosekana au isipoitikiwa, lango hufungwa na sukari hubaki katika damu. Lakini ziko seli zisizo na lango la namna hiyo. Miongoni mwake ni seli zilizotanda ndani ya mishipa midogo ya damu, seli za vichujio vya figo, na seli za mishipa ya fahamu. Hizo hupokea sukari kwa kadiri ilivyojaa katika damu, wala haziwezi kuizuia.

Wakazi wa Tunduma wanaweza kulielewa jambo hili kwa urahisi. Lango la mpakani likisimama, foleni ya malori hurudi nyuma kilomita kwa kilomita, na mizigo huanza kutafuta njia za panya. Vivyo hivyo sukari iliyozuiwa kwenye lango kuu hufurika katika seli zisizo na mlinzi.

Ikishafurika hufanya nini? Sehemu yake hugeuzwa kuwa sukari nyingine iitwayo sorbitoli, na kazi hiyo humaliza akiba ambayo seli huitumia kujilinda. Sehemu nyingine hujigandisha kwenye protini za kuta za mishipa, hata kuta zikawa nene, ngumu na zenye kuvuja. Tena seli hupokea ishara zisizo sahihi, zinazobana mishipa na kuleta uvimbe wa ndani. Mwaka 2001 Michael Brownlee, mtafiti wa New York, alieleza kwamba njia hizi zote zina chemchemi moja. Seli iliyojazwa sukari kupita kiasi huichoma kupita kiasi, na viwanda vyake vidogo vya nguvu, yaani mitokondria, hutoa taka kali ya oksijeni inayoidhuru seli yenyewe.

Katika jicho, mishipa midogo ya retina huvuja na kuziba. Katika figo, vichujio huanza kupitisha protini ambayo haikupaswa kupita, na ndiyo maana mkojo hupimwa. Katika miguu, mishipa ya fahamu hufa ganzi. Mishipa mikubwa nayo, ikiongezewa presha, mafuta mabaya na tumbaku, hujenga utando unaoleta kiharusi, mshtuko wa moyo, na miguu isiyofikiwa na damu ya kutosha.

Kuujua ufundi huu wa mwili kunaongezaje heshima yako kwa Muumbaji?

JUMANNE
Apandacho Mtu

Soma Wagalatia 6:7–9. Fungu hili lina onyo na pia lina ahadi. Zitaje zote mbili.

Mara nyingi fungu la 7 husomwa na fungu la 9 likasahauliwa. Paulo hakukusudia kutisha tu. Ikiwa mbegu mbaya huzaa bila kukosa, basi na mbegu njema haipotei.

Kwa miaka mingi waganga hawakuwa na hakika kama kushusha sukari kungezuia madhara. Walikuwapo waliodhani kwamba madhara ni sehemu ya ugonjwa tu, liwalo na liwe. Mwaka 1983 uchunguzi ulianza Marekani na Kanada kwa watu 1,441 wenye aina ya kwanza. Kundi moja lilitibiwa kwa njia ya kawaida ya siku zile, na la pili lilidhibiti sukari kwa bidii, kwa vipimo na dozi kadhaa kila siku. Matokeo yalitolewa mwaka 1993. Katika kundi la bidii, uharibifu mpya wa macho ulipungua kwa 76%, wa mishipa ya fahamu kwa 60%, na wa figo kwa takriban nusu. Mwaka 1998 ule uchunguzi wa Uingereza ukaonyesha jambo kama hilo kwa aina ya pili. Madhara ya mishipa midogo yalipungua kwa robo. Tena wagonjwa waliodhibiti presha kwa bidii walipatwa na kiharusi pungufu kwa 44%.

Jibu la dhana ya tatu darasani limo humo. Insulini haikuharibu mguu wa yule jirani. Mara nyingi watu huikubali wakiwa wamechelewa, madhara yakiwa yamekwisha kukomaa, kisha lawama humwangukia mgeni wa mwisho kuingia nyumbani.

Mguu unastahili neno la pekee. Mwaka 2005 Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari waliong'atwa miguu na panya usiku wakiwa wamelala. Hawakuamka, kwa sababu nyayo zao hazikuwa na hisia. Wengi huchukia maumivu, lakini maumivu ni mlinzi ambaye Mungu amemweka mlangoni. Akiondoka, jicho lazima lishike zamu yake. Mwenye kisukari atazame nyayo zake kila jioni, na kama haoni vema atazamiwe na mtoto au mwenzi. Asitembee peku, wala asiote miguu kwenye jiko la mkaa. Kabla ya kuvaa kiatu, apapase ndani kwa mkono. Kidonda chochote, hata kidogo, kifike kwa mganga siku hiyo hiyo.

Ahadi ya fungu la 9 inamtia moyo namna gani mtu aliyechoka kumeza dawa kila siku?

JUMATANO
Miguu ya Mfalme Asa

Soma 2 Nyakati 16:7–13. Kosa la Asa lilikuwa lipi?

Fungu la 12 limetumiwa na baadhi ya watu kuwaondoa wagonjwa hospitalini. Asa aliugua miguu, wasema, akawaendea waganga, akafa. Basi mwenye imani asiende. Lakini sura yenyewe inasema zaidi ya hapo.

Asa alianza vema. Baadaye, alipotishwa na Israeli, aliacha kumtegemea Bwana, akaununua msaada wa mfalme wa Shamu kwa hazina za hekalu. Hanani mwonaji alipomkemea, mfalme hakutubu. Alimtia gerezani, akawaonea baadhi ya watu. Ugonjwa wa miguu ulikuja katika mwaka wa 39 wa kutawala kwake, juu ya moyo uliokuwa umekwisha kufungwa. Biblia haiutaji ugonjwa huo kwa jina, wala somo hili halidai kuujua. Haimlaumu kwa kuwa waganga walimgusa. Inamlaumu kwa kuwa hata katika ugonjwa wake hakumtafuta Bwana.

Mlinganishe na Hezekia. Soma 2 Wafalme 20:1–7. Aliugua, akalia, akaomba. Mungu alisikia, akaahidi kumwongezea miaka 15. Kisha nabii Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Maombi na tiba vilikaa chumba kimoja, na aliyeagiza tiba alikuwa yule yule aliyeleta ahadi. Luka naye, mwenzi wa Paulo, alikuwa tabibu mpendwa, na hakuna mahali Paulo anapomwambia aache kazi yake (Wakolosai 4:14).

Ziko basi njia mbili za kukosea. Ya kwanza ni ya Asa, dawa bila Mungu. Ya pili ni kumjaribu Mungu kwa kukataa msaada alioutoa. Mgonjwa aliyeombewa Sabato, akapima Jumatatu na kukuta sukari imeshuka, ana sababu ya kushukuru. Hana sababu ya kutupa dawa, kwa maana huenda imeshuka kwa sababu dawa inafanya kazi. Kipimo kiitwacho HbA1c husaidia hapa, kwa kuwa huonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, si wa asubuhi moja. Na kanisa linapotangaza siku ya kufunga na kuomba, wanaotumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari wasifunge chakula kabla ya kushauriana na mganga wao. Sukari ikishuka mno inaweza kuua kwa saa chache. Mungu husikia pia maombi ya aliyekunywa uji wake.

Kanisa lako linawafundisha nini wagonjwa, kwa maneno na kwa ukimya wake?

ALHAMISI
Ni Nani Aliyetenda Dhambi?

Soma Yohana 9:1–3. Wanafunzi walitaka kujua nini, na Yesu aliwaelekeza wapi?

Wanafunzi walimwona kipofu, wakaona somo la kujadili. Yesu alimwona mtu. Hakukana kwamba matendo yana matokeo. Alikataa tu kutumia ugonjwa wa mtu kama ushahidi wa kumhukumu.

Kisukari kinahitaji tahadhari hiyo. Mtoto mwenye aina ya kwanza hakula kitu chochote kilichomletea ugonjwa. Katika aina ya pili, mazoea yana sehemu kubwa, lakini urithi wa ukoo nao upo, na umri, na umaskini. Mama anayesimama kwenye jiko tangu alfajiri hadi usiku ili alipe ada ya watoto hakosi kupima sukari kwa kiburi. Huenda alikosa nauli tu. Kumwambia kwamba amevuna alichopanda, na kuishia hapo, ni kumwongezea mzigo pasipo kuugusa hata kwa kidole.

Bado liko jambo gumu. Uchunguzi wa Marekani ulipokwisha mwaka 1993, watu wa makundi yote mawili walifuatiliwa. Viwango vyao vya sukari vikafanana. Ilitazamiwa kwamba na madhara yangefanana. Haikuwa hivyo. Kwa miaka mingi waliokuwa wamedhibiti mapema waliendelea kuwa salama zaidi, na waliochelewa waliendelea kuumia zaidi. Mwili ulikuwa na kumbukumbu. Protini zilizogandwa na sukari hukaa muda mrefu, na seli hazisahau upesi.

Soma 2 Samweli 12:13, 14. Daudi aliungama, na Nathani akamwambia papo hapo kwamba amesamehewa. Hata hivyo matokeo yalibaki. Msamaha na matokeo si kitu kimoja. Mgonjwa anaweza kuwa amesamehewa kabisa, amepatana na Mungu kabisa, na bado akahitaji kukatwa kidole. Asidhani kwamba kisu cha daktari ni dalili ya kukataliwa.

Wala asidhani kwamba amechelewa mno. Kumbukumbu ya mwili hukumbuka na mema. Kila mwezi wa sukari na presha iliyotulia unapunguza hatari kwa jicho linaloona bado na figo inayochuja bado. Mama wa Chapwa hawezi kuirudisha ile miaka kumi na mmoja. Miaka iliyo mbele anaweza kuilinda, na hapaswi kuilinda peke yake.

Mtu akiugua katika darasa lako, swali la kwanza huwa ni lipi: “Alifanya nini?” au “Anahitaji nini?”

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Katika kitabu chake Huduma ya Uponyaji cha mwaka 1905, Ellen G. White anataja tiba za asili ambazo Waadventista wanazifahamu: hewa safi, mwanga wa jua, kiasi, pumziko, mazoezi, chakula bora, matumizi ya maji, na kumtegemea Mungu. Miaka mingi baadaye, watafiti wa Loma Linda, California, waliwachunguza Waadventista wapatao 60,000 wa Marekani na Kanada. Katika matokeo ya mwaka 2009, kisukari cha aina ya pili kilionekana kwa 7.6% ya waliokula nyama kama kawaida, na kwa 2.9% ya waliokula vyakula vya mimea peke yake. Nuru iliyotolewa mapema imethibitika kuwa ya msaada. Lakini nuru hiyo haikutolewa ili dawa zidharauliwe, wala ili anayeugua aaibishwe.

Kwa mkoa wa Songwe, chakula hicho si cha kuagiza mbali. Maharage ya Mbozi, mboga za majani, karanga, parachichi na dona vinapatikana sokoni. Wali na ugali viliwe kwa kipimo, mboga zikichukua nusu ya sahani. Chai isiyo na sukari huzoeleka baada ya majuma machache. Na katika chakula cha pamoja cha Sabato, meza isiwe na soda peke yake, hata mwenye kisukari akalazimika kuchagua kati ya kiu na ushirika.

Idara ya Afya na Kiasi, ikishirikiana na Dorkasi na mashemasi, inaweza kuandaa siku ya kupima sukari na presha kwa washiriki na majirani, ikimwalika mhudumu wa kituo cha afya. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 au zaidi, mhusika apelekwe hospitali ili apimwe tena. Aliyekwisha kugunduliwa apimwe macho, mkojo na miguu angalau mara moja kwa mwaka, hata kama haumwi popote. Tena, hasa kama haumwi popote.

Soma Isaya 35:5, 6 na Ufunuo 21:4. Macho ya vipofu na mtu aliye kilema, yaani macho na miguu ambavyo kisukari huvidhuru, vimeguswa katika ahadi ya urejesho. Hadi siku ile, waaminio huombeana, huchukuliana mizigo, na kusindikizana kliniki.

Maswali ya kujadili:

1. Mshiriki anasema, “Nimeacha dawa kwa imani.” Kwa kutumia habari za Asa na Hezekia, darasa lingemjibu nini kwa upendo?

2. Jadilini tofauti kati ya kusamehewa na kuondolewa matokeo. Kwa nini kuchanganya mambo haya mawili huwaumiza wagonjwa?

3. Kwa nini ugonjwa unaogusa viungo vingi huwafanya watu wafikirie uchawi? Ujuzi wa mishipa ya damu unasaidiaje kuondoa hofu hiyo, na ni nani katika mtaa wenu anahitaji kuambiwa?

4. Ni nani katika darasa hili hajapima sukari wala presha mwaka huu? Pangeni siku, na pangeni ni nani atakwenda na nani.